Miguu Niponye: Mwongozo wa Kumkimbia Mgambo Kariakoo, na Namna ya Kuacha

Kariakoo, Dar es Salaam, mtu hujifunza kukimbia kabla hajajifunza kuuza. Siku ya kwanza unaonyeshwa pa kutandika shuka. Siku hiyohiyo, hata mteja wa kufungulia hujampata, unaonyeshwa pa kupotelea. Bei, utani, kumwita mpita njia "bosi wangu" hadi asimame, hayo utayaokota mbele ya safari. Mbio ndiyo elimu ya msingi.

Elimu hii hupokezanwa kwa mdomo na kwa michubuko ya magoti, nami nimeona niiweke kwenye maandishi. Mwongozo una hatua nane. Nne za kwanza ni za miguu, nne za mwisho ni za kichwa. Namwomba msomaji asiishie ya nne, maana hapo ndipo wengi wamekwama miaka nenda rudi.

Hatua ya 1: Lifunge duka lako kwa mkupuo mmoja

Duka la machinga, mchuuzi wa barabarani, ni shuka, au kipande cha turubai, au kiroba kilichochanwa ubavuni. Ukilitazama kwa karibu utaona kila pembe imetobolewa na kufungwa kamba. Kamba zote nne hukutana juu, kwenye kiganja cha mwenye duka au kwenye kidole gumba cha mguu wake. Soksi, sidiria, chaja za simu, vibanio vya nywele, vyote vimepangwa kwa rangi na kwa ukubwa kama kwenye kioo cha duka la kule Posta. Likitokea la kutokea, mkono mmoja unavuta. Pembe zinakutana, duka linakuwa furushi, furushi linakuwa begani, na mwenye duka ameshapiga kona.

Huo ni ufundi, na aliyeubuni alistahili kupewa mtaji. Kichwa kinachoweza kusanifu duka la kufungwa kwa sekunde tano kingeweza kusanifu mengi, kama kingeachwa kitulie.

Wapo ambao hatua hii haiwahusu. Mwenye stendi ya kutundikia magauni hawezi kuibeba na kukimbia. Huyo hukamatwa wa kwanza. Mwenye meza ya miwani hupoteza nusu ya miwani. Mama mwenye karai la mafuta yanayochemka juu ya jiko la mkaa, na mihogo imo ndani, hana mbio kabisa. Akisogea ataungua, na akiunguza wengine atajuta. Kwake mwongozo huu unaanzia Hatua ya 7, aziruke hatua zote za katikati.

Hatua ya 2: Yanoe masikio

Mgambo huonekana kwa macho baada ya kuwa ameshasikika kwa masikio. Hutangulia mluzi. Baada ya mluzi hufuata neno moja, "Haooo!", na neno hilo husafiri kuliko bodaboda. Linatoka Msimbazi, linapita Mkunguni, linafika Mchikichi, na gari lililowaleta hao watu bado halijazima injini.

Mitaa ya Kariakoo imenyooka na kukatana kama nondo za dirisha. Congo, Swahili, Sikukuu, Nyamwezi, Narung'ombe, Aggrey, Likoma, Pemba: kila njia panda ina mtu ambaye hakuajiriwa na yeyote kulinda, naye analinda. Leo akimwokoa muuza mikanda, kesho muuza mikanda atamwokoa yeye. Ukitaka kujua ushirika ni nini, usitafute katiba ya kikundi wala muhuri. Sikiliza mluzi.

Halafu angalia nyuso za wateja. Mama aliyetoka Mbagala kununua sare za shule za watoto wake anashtuka, anakumbatia mkoba, naye anaanza kukimbia. Hana alichouza, hana alichovunja. Anakimbia kwa kuwa wenzake wanakimbia. Lishike hilo, tutalirudia.

Hatua ya 3: Mjue unayemkimbia

Watu husema "askari" wakaishia hapo, na kosa kubwa huanzia hapo.

Yupo mgambo. Huyu hutumwa na halmashauri kusimamia sheria ndogo: kupanga bidhaa barabarani, kuuza pasipoteuliwa, uchafu. Wengi hudhani mgambo ni kijana tu aliyevikwa magwanda. Si kweli. Ipo sheria ya mwaka 1975 iliyowapa wanamgambo uwezo wa kukamata kama alio nao askari polisi. Aliyepewa uwezo wa askari amekabidhiwa na mipaka ya askari, ingawa hili la pili halitajwi mara nyingi.

Yupo polisi, mwenye sare na namba yake, ambaye kituo chake kikubwa cha eneo hili kipo Msimbazi. Huyu ndiye mwenye difenda na karandinga, na ndiye aliyekipa Kiswahili cha mjini msamiati wa "tanganyika jeki": unashikwa kiunoni kwenye mkanda wa suruali, unanyanyuliwa hadi visigino vinaacha ardhi, unapelekwa ukitembea kwa ncha za vidole kama mtoto anayejifunza kutembea. Anayefanyiwa hivyo anaaibishwa kabla hajashtakiwa. Yupo trafiki, anayekimbiwa na bodaboda wakipita njia isiyo yao. Yupo ofisa wa kodi, anayekimbiwa na wenye maduka wanaoshusha milango ya chuma. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waliishusha yote kwa pamoja wakigoma, wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja.

Na yupo wa tano, asiye na sare, asiye na kitambulisho, aliyeshuka kwenye gari na kukushika mkono. Kwa huyu sina mzaha hata kidogo. Nchi yetu imeshuhudia watu wakichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na hofu hiyo imezaa msiba kwa kila upande. Desemba 2024, kule Tegeta, wafanyakazi wa Mamlaka ya Mapato waliokuwa wakifuatilia gari walivamiwa na wananchi walioamini ni watekaji. Mmoja wao alifariki. Alikuwa kazini. Waliompiga walidhani wanaokoa mtu. Mahali ambapo mkamataji na mtekaji wanafanana, kitambulisho kinamlinda mwenye nacho kama kinavyomlinda anayekamatwa.

Hatua ya 4: Ijue njia, na ujue inapoishia

Njia nzuri ya kukimbilia ina sifa tatu: haina gari, ina kona karibu, na ina mwenye duka anayekufahamu. Mtaa wa Msimbazi hauna sifa hata moja. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita hapo kwenda Gerezani, yana njia yao wenyewe, na dereva hana pa kukwepea. Mtu anayekimbia huku ametazama nyuma halioni basi. Mtu aliyebeba furushi begani hasikii honi ya upande wa furushi. Ndugu yangu, ukipoteza soksi utanunua nyingine.

Nilisimama siku moja kwenye kibaraza Mtaa wa Congo wakati mluzi ulipolia. Mbele yangu alikuwa mama wa makamo, akiuza vitambaa vya jikoni na brashi za kuoshea vyombo. Alivuta kamba, furushi likaja, ila brashi tatu zikabaki chini. Akazitazama. Nilimwona akipiga hesabu, brashi tatu kwa bei ya jumla, na nusu ya mwili wake imeshageuka kuondoka. Akaziacha. Akaruka mfereji, na ndala yake ya kushoto ikabaki mdomoni mwa mfereji, ya bluu, imeshonwa kwa uzi wa nailoni pale ilipokatika.

Kijana wa duka la jirani akaiokota, akaiweka juu ya ngazi. Hakusema neno. Ni kazi anayoifanya kila siku.

Yule mama alikuwa anakimbia nini hasa? Si faini peke yake. Mtaji wake ulikuwa kwenye lile furushi, na mtaji wenyewe huenda ni wa kikoba, au ni wa ile mikopo ambayo mjini tumeibatiza "kausha damu", ya kurejesha kila wiki. Mali ikichukuliwa leo, marejesho hayaahirishwi. Atakopa kwingine kulipa hapa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wake ni mlango wa mkopeshaji.

Hapa ndipo elimu ya miguu inapoishia. Ukiikariri yote utakuwa hodari wa kukimbia, na kesho utakimbia tena. Sasa tuje kichwani.

Hatua ya 5: Ujue ukongwe wa mbio zako

Jina lenyewe la mahali linakimbia. Waingereza walipouteka mji huu kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita, na midomo yetu ikalifanya jina kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba risasi, unga na mizinga kuvuka mapori. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari. Waandikishaji walifika vijijini na watu wakakimbilia porini. Waliochelewa ndio waliobebeshwa. Askari wa vita ile amejengewa sanamu ya shaba kule mjini. Mpagazi akabakiwa na soko, na hadi leo sokoni hapa mtu mwenye mzigo begani yuko mbioni.

Ukoloni uliendelea kuwafuata Waafrika mjini. Asiye na kazi inayotambulika aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kijijini, hata kama alikuwa na kazi ambayo mkamataji hakuitambua. Uhuru ukaja, na tabia ikabaki. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, enzi za Waziri Mkuu Edward Sokoine, na mitaa ya Dar es Salaam ikasombwa. Usiye na kitambulisho cha kazi ulipandishwa gari ukapelekwa shamba. Wengi walirudi mjini, kwa kuwa kilichowaleta kilikuwa bado kipo. Mwaka 2006 wachuuzi waliondolewa tena mijini nchi nzima.

Halafu ukafika muda wa kupumua. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kimoja Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyofika Sh milioni 4 kwa mwaka. Mtu alikivaa shingoni kama hirizi. Yapo mengi ya kukosoa kwenye mpango ule, lakini ukweli usemwe: sasa mchuuzi alikuwa na kitu cha kuonyesha badala ya kisigino. Njia za waenda kwa miguu zikajaa, wenye maduka wakalalamika kwamba milango yao imezibwa, nao walikuwa na hoja. Oktoba 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuagiza machinga wapangwe bila vurugu, mkoa wetu ukawaondoa barabarani. Wengine walielekezwa masokoni. Jengo la Machinga Complex pale Karume lilikuwepo tayari, lina ghorofa, ila mteja wa soksi za Sh 1,000 hapandi ngazi kuzifuata. Soko kuu la Kariakoo lilikuwa limeungua Julai mwaka huohuo. Soko la Karume likaungua Januari 2022. Mtu akajiuliza: niende wapi? Miguu ikamjibu: rudi Congo.

Sisemi haya kumtetea kila aliyeziba njia. Mlemavu mwenye kiti cha magurudumu naye ana haki ya kupita, na gari la zimamoto lina haki kuliko sote. Ila kizazi baada ya kizazi wakikimbia mahali palepale, walioshindwa ni wapangaji wa mji kabla hawajashindwa wakimbiaji.

Hatua ya 6: Jua mbio zako zinatafsiriwa vipi

Kituoni utaulizwa swali moja ambalo wengi hulikosea: "Kama hukuwa na kosa, ulikimbia nini?"

Mkumbuke mama wa Mbagala mwenye sare za shule. Alikimbia kwa sababu aliogopa, na hofu si kosa. Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema asiyethibitishwa kutenda kosa asitendewe kama mkosaji. Haikuongeza "isipokuwa awe ametimua mbio".

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 2016, mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts huko Marekani ilisema kwamba mwanamume mweusi wa Boston anaweza kuwakimbia polisi kwa sababu isiyohusiana kabisa na hatia: amechoka kusimamishwa kila siku. Miongo mitatu nyuma, mwaka 1985, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya mvulana wa miaka 15 wa Memphis, aliyepigwa risasi ya kisogoni akipanda uzio kuwatoroka polisi. Alikutwa na pochi na dola 10. Mahakama ikasema askari haruhusiwi kumuua mtu kwa sababu tu anakimbia, kama hakuna sababu ya kuamini kwamba ni hatari kwa wengine. Na karibu zaidi, mjini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni yake Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji, zile za kumkamata mtu kwa kuonekana hana kazi wala makazi, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Lakini nisikudanganye ukatoka hapa kifua mbele. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu anayekamata kutumia nguvu pale mtu anapogoma au kujaribu kutoroka. Haimruhusu kupita kiasi kinachohitajika, lakini kiasi hicho kitapimwa na hakimu baadaye, na wewe utakipima kwa mbavu zako papo hapo. Ukishakamatwa kihalali ukachoropoka, umeongeza kosa jipya la kutoroka mikononi mwa sheria. Ukimsukuma askari au kumng'ata mkono ili akuachie, Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo hadi miaka mitano. Piga hesabu hiyo kama ulivyojifunza kupiga hesabu ya jumla na rejareja. Uliingia na kosa la sheria ndogo, la kulipa faini na kurudi nyumbani kula. Umetoka na kosa la miaka. Biashara gani hiyo?

Hatua ya 7: Simama

Hatua hii ni ngumu kuliko zote, maana mwili umezoea vingine. Magoti yanataka kwenda. Yazuie. Fanya hivi, kwa utaratibu huu.

Weka mikono mahali inapoonekana. Salimia. "Shikamoo afande" au "habari za kazi, kaka" haijawahi kumpunguzia mtu haki. Usitukane, usivute furushi kwa kushindana, usiguse mtu.

Uliza jina lake na kitambulisho chake, kisha uliza umekosa nini. Kuambiwa sababu ya kukamatwa si hisani. Sheria inamtaka mkamataji akuambie. Akiwa hana sare wala kitambulisho, usiondoke naye kimyakimya. Sema kwa sauti, waite majirani, omba mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitwe. Watu wakiona na kusikia, ni vigumu mtu kupotea.

Mali ikichukuliwa, omba ihesabiwe mbele yako na iandikwe. Brashi tatu ni brashi tatu, na zina mwenyewe. Ukitozwa faini, dai namba ya malipo ya serikali na risiti. Fedha isiyo na risiti haikwenda kwenye barabara wala zahanati. Ukiambiwa "toa msimbazi mmoja tuyamalize", hiyo noti nyekundu ndiyo itakayomrudisha kesho kwako, na keshokutwa, maana sasa anajua nyumba ina asali. Namba ya TAKUKURU ni 113 na kuipiga ni bure.

Ukifikishwa kituoni, omba ndugu yako aarifiwe. Polisi wana saa 24 za kukufikisha mahakamani au kukupa dhamana, makosa makubwa yakiwekwa kando, na dhamana ya polisi hailipiwi hata senti. Soma maelezo yako kabla ya kuyasaini. Kama husomi vizuri, omba usomewe. Kama hukuelewa, usisaini. Tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua, na shirika la Equality for Growth limewafunza wanawake wa sokoni wenyewe kuwa wasaidizi hao, wanaokaa hapohapo kati ya magenge ya nyanya. Ukionewa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo kwa ajili hiyo.

Ninajua utakachonijibu: "Hayo ni ya kwenye karatasi." Ninakubali kwamba karatasi na mtaa havijakutana vizuri. Lakini haki isiyodaiwa husahauliwa hata na mwenye kudaiwa. Siku watu ishirini wa Mtaa wa Congo watakaposimama kwa pamoja, wametulia, na kuuliza kwa sauti moja, "Afande, tumekosa nini, na risiti iko wapi?", mtaa na karatasi vitakuwa vimesogeleana hatua moja. Ule mluzi wa kuambiana kimbia unaweza kuwa mluzi wa kuambiana simama.

Hatua ya 8: Kwa anayekimbiza

Hatua hii ni yako, kijana mwenye magwanda. Najua nawe una kodi ya chumba. Najua huenda dada yako anauza matunda kwenye sinia Buguruni, na kwamba umetumwa na wasiokanyaga lami hii. Sikuchukii. Nakuomba manne.

Jitambulishe kwanza, ndipo ushike. Tegeta imetufundisha sote. Sema kosa kabla ya kunyanyua mali. Usimkimbize mtu kuelekea barabarani. Hakuna furushi la soksi lenye thamani ya kumpeleka mtu chini ya basi. Mwache, kesho atakuwepo, unajua atakuwepo. Na ukichukua, andika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Usidharau kitu kidogo mkononi mwa maskini. Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid nchini Tunisia, mchuuzi wa matunda aitwaye Mohamed Bouazizi alinyang'anywa mizani yake. Alikwenda kulalamika, hakusikilizwa, akajiwasha moto mbele ya ofisi ya serikali. Kabla haujatimia mwezi tangu siku hiyo, rais aliyetawala miaka 23 alikuwa amepanda ndege kuikimbia nchi yake mwenyewe.

Na ninyi mnaomtuma huyu kijana: mji wenye nafasi ya maghorofa haukosi nafasi ya shuka. Pangeni mitaa na saa. Wekeni mistari chini, huku pa kupita, huku pa kuuza. Wapelekeni machinga mahali ambapo mteja anapita kwa miguu yake, na muwaulize wao kwanza, kwa kuwa wanajua mteja anapita wapi kuliko mchoraji yeyote wa ramani. Sheria ndogo itakayotungwa pamoja nao watailinda wao wenyewe, kwa mluzi wao uleule.

Yule mama alirudi baada ya karibu nusu saa. Gari lilikuwa limeshaondoka. Alikuja taratibu, furushi kichwani, mguu mmoja ndala na mwingine pekupeku, anakwepa vipande vya chupa.

"Jamani wanangu, ndala yangu mmeiona?"

"Hiyo hapo mama, kwenye ngazi."

"Mungu awabariki."

Brashi tatu hazikuwepo. Hakuziulizia. Aliivaa ndala, akapima uzi wa nailoni kwa kidole kama bado umeshika, kisha akatandaza shuka palepale. Nilidhani ataanza kupanga vitambaa. Alianza na kamba. Moja baada ya nyingine, pembe nne, akavuta kila fundo mara mbili kuhakikisha litakuja likiitwa, akazikusanya na kuzivika kidole gumba cha mguu. Ndipo akatoa kitambaa cha kwanza.

Siku nitakayopita Mtaa wa Congo nikakuta shuka limetandazwa bila kamba kwenye pembe, nitajua mwongozo huu hauna kazi tena. Uchaneni mfungie karanga.